Kikaango Chepesi cha Safari: Uliza Wepesi Umetoka Wapi

Likizo za Juni na Desemba ndizo nyakati ambazo vijana wetu wa Butimba hufunga mizigo. Mmoja anakwenda kwenye kambi ya vijana, mwingine anavuka ziwa kwenda Ukerewe na kwaya, mwingine atatembea kwa miguu siku mbili na skauti wenzake na kulala hemani. Swali huja kwa mama: "Mama, huko tutakaangia nini?"

Wengi wetu tunachukua kikaango cha jikoni na kukitia kwenye begi la mtoto. Wengine tunakwenda dukani kutafuta kile chepesi kuliko vyote. Lakini, mama msomaji, wepesi una asili yake. Kuna wepesi unaotokana na aina ya madini, kuna unaotokana na udogo wa chombo, na kuna unaotokana na ubovu wake. Kabla hujalipa, jiulize wepesi huo umetoka wapi.

Pima mzigo kwanza

Kikaango cha chuma cha kusubu chenye upana wa sentimita 25 kina uzito wa zaidi ya kilo 2. Wazoefu wa safari za miguu hushauri mtu mzima asibebe zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili wake, na mtoto abebe pungufu zaidi. Binti mwenye kilo 40 akibebeshwa kilo 4, kikaango kama hicho peke yake kitachukua nusu ya mzigo wake, hata kabla ya maji, shuka na unga. Kwenye Mlima Kilimanjaro, ambako wapagazi ni watu wazima waliozoea kazi hiyo, mizigo hupimwa kwenye mizani, na mzigo wa wageni anaobeba mpagazi mmoja una kikomo cha kilo 20. Nasi tusione haya kumwomba mwenye duka atupimie kikaango.

Alumini, chuma au kisichoshika?

Alumini ina uzito wa karibu theluthi moja tu ya chuma, vikiwa na ukubwa sawa. Tena husambaza moto vizuri, kwa hiyo yai huiva katikati na pembeni kwa pamoja. Kwa safari nyingi za vijana wetu, kikaango cha alumini kisicho chembamba mno kinafaa. Kasoro yake ni kwamba alumini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660 za Sentigredi, na makaa yanayopepewa sana yanaweza kufika huko. Kikaango kitupu kisiachwe juu ya moto mkali.

Chuma cha pua hakishiki kutu wala hakidhuriwi na ndimu au nyanya. Lakini kikiwa chembamba, chakula huungua pale moto ulipo na kubaki kibichi kando. Chuma cha kusubu kinadumu miaka mingi. Kibaki nyumbani au kiende safari ya gari.

Vikaango visivyoshika chakula vina historia ya kufurahisha. Mfaransa Marc Grégoire alikuwa akitumia plastiki iitwayo Teflon kwenye vifaa vyake vya kuvulia samaki. Mkewe, Colette, ndiye aliyemshauri apake vikaango vyake. Mwaka 1956 wakaanzisha kampuni ya Tefal. Basi wazo la mama wa nyumbani liligeuza kifaa cha mvuvi kuwa chombo cha jikoni.

Vikaango hivi ni vyepesi na havihitaji mafuta mengi, lakini havikutengenezwa kwa ajili ya mafiga. Vikipashwa moto vikiwa vitupu na kupita nyuzi 260, utando wake huanza kuharibika na kutoa moshi usiofaa kuvutwa. Havitaki kijiko cha chuma, wala kusuguliwa kwa mchanga na majivu kama tulivyozoea. Kama vijana watapikia jiko dogo la gesi na wana mwiko wa mti, wape. Kama watapikia kuni, wape alumini tupu.

Jihadhari na risasi

Mwanza ina sifa ya siku nyingi ya kugeuza chakavu kuwa chombo. Hata eneo la Makoroboi lilipata jina lake kutokana na koroboi zilizotengenezwa pale. Mafundi wetu wanalisha familia zao kwa kazi hiyo, na wanastahili heshima. Hata hivyo, yapo mambo ambayo jicho la fundi haliwezi kuyaona.

Mwaka 2017 watafiti walitoa matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini iliyoyeyushwa kutoka katika chakavu. Vyombo hivyo vilitoka nchi 10, Tanzania ikiwamo. Zaidi ya theluthi moja vilionekana kuweza kutia chakulani madini ya risasi kwa kiasi cha hatari. Risasi huingia pale vipande vya injini, rejeta au betri vinapoyeyushwa pamoja na alumini safi. Haina harufu wala ladha, na hudhuru ubongo wa mtoto polepole: akili huchelewa, masomo humshinda. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Kwa hiyo, kwa kikaango cha mtoto, chagua kilichotengenezwa kiwandani kwa bamba la alumini, chenye jina la mtengenezaji. Ukiwa nacho tayari kile cha kusubu, usikipikie vyakula vyenye uchachu kama nyanya, ndimu au ukwaju, wala usilaze chakula ndani yake.

Unapokuwa dukani

• Bonyeza kitako kwa vidole gumba. Kikibonyea, kitapinda motoni.

• Kiweke mezani. Kisiyumbe, maana mafuta ya moto yakimwagika huunguza.

• Tikisa mpini na utazame ribiti zake. Mpini unaokunjwa huokoa nafasi, lakini lazima ukaze ukifunguliwa.

• Fikiria chakula. Sentimita 20 zinatosha watu wawili au watatu kwa mayai, chapati ndogo au dagaa. Sato mzima hatoshi; akatwe vipande.

• Sahani ya bati inayoenea juu yake itafaa kuwa mfuniko, nawe huna haja ya kununua mwingine.

Mfundishe kabla hajaondoka

Mwache mtoto akaange yai nyumbani kwa kikaango hicho hicho, wewe ukiwa kando. Mwonyeshe kuelekeza mpini upande ambao watu hawapiti. Mafuta yakishika moto, asimwage maji kamwe. Afunike kwa sahani na kuondoa moto chini.

Jambo la mwisho ni la watu wa ziwani. Tusiwatume watoto kuoshea vyombo ufukweni. Maji ya kando ya ziwa letu yana kichocho, na vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi ya mtu aliyesimama majini kwa dakika chache tu. Afute mafuta kwa karatasi au kitambaa, kisha aoshe kwenye beseni kwa maji ya bomba au yaliyochemshwa, mbali na ufuko.

Kikaango kizuri cha safari, basi, ni kile ambacho mtoto anaweza kukibeba bila kuumia mgongo, na ambacho chakula chake hakitamdhuru. Ukilazimika kuchagua kati ya gramu mia mbili za ziada na chombo usichojua kimeyeyushwa kutokana na nini, mpe hizo gramu mia mbili abebe.