Muoni: eksirei ya milima na mabwawa

Fungua kiganja chako, iwe uko sokoni Kibaigwa au darasani Kongwa mjini. Kila dakika, kila sentimita 1 ya mraba ya kiganja hicho hupitiwa na chembe 1 hivi iitwayo muoni. Husikii kitu.

Zinatoka wapi? Mionzi ya anga za mbali hugonga hewa, kilomita kama 15 juu yetu, na mgongano huo huzaa muoni. Ni ndugu wa elektroni, ila nzito mara 207 hivi, na yenye nguvu hupenya mwamba mita nyingi.

Mantiki ni ileile ya eksirei: mfupa huzuia mionzi kuliko nyama. Weka kigunduzi chini au pembeni ya jengo, uhesabu muoni za kila upande. Zikizidi matarajio, upande huo una uwazi. Hivyo ndivyo mwaka 2017 ulivyotangazwa uwazi usiopungua mita 30 ndani ya piramidi la Khufu, Misri. Mwaka 2023 ujia mwingine, wa mita 9, ulithibitishwa kwa kamera nyembamba iliyopenyezwa kati ya mawe.

Je, tukague ghala la mahindi Kibaigwa? Haitusaidii sana, magunia ya mita chache huzuia muoni kidogo mno. Tuta la bwawa ndilo la kufikiria: maji yakilila kwa ndani, nje huenda usione kitu mpaka libomoke. Ila kuhesabu huchukua wiki, hata miezi. Muoni zitaonesha udhaifu unaokua polepole. Mafuriko ya usiku mmoja hazitayawahi.