Kilo zimepungua, diklofenaki imepigwa marufuku

Ingia duka lolote la dawa Kariakoo, Likoni au Kawangware, shika goti, kunja uso. Hutaulizwa mengi. Muuzaji atakukatia vidonge vya diklofenaki, na ukionekana una haraka atakuelekeza zahanati ya jirani ukadungwe sindano ya dawa hiyohiyo. Kwa watu wetu wengi wenye baridi yabisi, mgongo au magoti yaliyolika, hiyo ndiyo tiba yenyewe: diklofenaki asubuhi, Brufen ikikosekana, na maisha yanasonga.

Sasa mchukue mtu huyohuyo, mwenye kilo 130, aliyeamua kupunguza uzito kwa upasuaji. Anatoka hospitali na tumbo dogo na karatasi ndefu ya maelekezo, na humo katikati kuna mstari mmoja unaomkataza dawa za jamii hiyo. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa aina ya baipasi, marufuku hiyo kwa kawaida ni ya maisha.

Hapo ndipo alipojikuta wifi yangu. Ana baridi yabisi ya miaka mingi, ile ya kinga ya mwili kuvishambulia viungo vyake yenyewe, wala si ya uzee. Vidole huamka vimevimba, na kifuniko cha chupa ya maji asubuhi hufunguliwa na mwanawe wa darasa la nne. Magoti yalikuwa yamebebeshwa mawili, ugonjwa na uzito. Alikwenda kufanyiwa baipasi India, kama waendavyo wengi wenye uwezo au wenye ndugu wa kuchangishana, ingawa siku hizi upasuaji huu hufanyika Nairobi, na kwa Dar es Salaam, Muhimbili-Mloganzila huweka puto tumboni na kupasua pia. Vikao vya familia vilizungumzia viza, nauli na nani ataangalia watoto. Suala la maumivu ya viungo yatatulizwa na nini baada ya hapo halikupata nafasi.

Ubaya wa diklofenaki na ndugu zake, ibuprofeni, naproxeni, meloksikamu, aspirini, ni kwamba zinafanya kazi yake vizuri mno. Huuzuia mwili kutengeneza kemikali za uvimbe na maumivu, lakini kemikali za ukoo huohuo ndizo zinazoulinda ukuta wa tumbo usiunguzwe na asidi. Katika baipasi, operesheni ambayo Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliianza miaka ya 1960, daktari hutenga kifuko kidogo juu ya tumbo, cha mililita 30 hivi, akakiunganisha na utumbo mwembamba. Utumbo haukuumbwa kuishi jirani na asidi. Kwenye maungio yale ndipo kidonda huanzia, na kinaweza kuvuja damu au kutoboka kabisa. Mvuta sigara hujiongezea hatari. Bakteria Helicobacter pylori, ambao wamejaa matumboni mwa watu wa ukanda huu, ni vyema wapimwe na kutibiwa kabla ya kisu. Sehemu kubwa ya tumbo la zamani nayo haitolewi. Hubaki humo ndani imefungiwa, na kamera ya kawaida inayopitishwa mdomoni haifiki huko. Kidonda kikitokea upande huo, kukiona ni shughuli.

Aina nyingine ni slivu. Hapa tumbo hukatwa kwa urefu wake, kama asilimia 80 ikatolewa, ukabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Hakuna maungio, kwa hiyo vidonda si tishio kubwa kama kwenye baipasi, ingawa madaktari wengi bado huzibana dawa hizi, na kiungulia huweza kuzidi. Ndiyo maana naona ni kosa kumwachia mgonjwa wa maumivu sugu achague kwa kulinganisha kilo tu. Anayejua kwamba yabisi likiwaka hawezi kutembea bila dawa za kundi hili, alitamke hilo mbele ya daktari mapema, operesheni haijachaguliwa.

Kuna imani inayowaumiza watu zaidi ya vidonge vyenyewe: kwamba sindano ni salama kwa sababu haipiti tumboni. Dawa hizi hufanya kazi kupitia damu. Imezwe, idungwe au iwekwe njia ya haja kubwa, ulinzi wa ukuta wa tumbo unapungua vilevile. Jeli ya kupaka ni habari nyingine, kwani kinachoingia kwenye damu ni kidogo, na mara nyingi huruhusiwa. Halafu kuna aspirini iliyojificha ndani ya baadhi ya vidonge vya kichwa, vile vinavyouzwa dukani viwiliviwili pamoja na kiberiti na sukari ya kupima. Wifi sasa hamezi kitu kabla hajasoma maandishi ya nyuma ya pakiti. Nimeshuhudia akimrudishia muuzaji karatasi ya vidonge mara mbili, foleni nyuma yake ikiguna, mpaka akapewa panadoli tupu.

Faida zipo, tena kubwa. Stephen Messier na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, North Carolina, Marekani, walipowapima wagonjwa wa magoti waliopungua uzito walikuta, katika utafiti uliochapishwa 2005, kwamba kilo moja ikitoka mwilini goti hupunguziwa mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Mtu aliyepungua kilo 30 na apige hesabu mwenyewe, akikumbuka idadi ya hatua kutoka kituo cha daladala hadi ofisini. Mafuta ya mwili pia hayakai tu kama mzigo; hutoa kemikali za uvimbe, na yakipungua, moto wa viungo huweza kupoa kiasi. Wifi leo hupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu anakofanyia kazi bila kusimama njiani. Bamia alizolishwa miaka yote ili “kurudisha ute wa magoti” hazikuwahi kumfikisha hata ya kwanza.

Vidole, hata hivyo, havikusoma utafiti wa Messier. Yabisi la kinga ya mwili haliishi kwa sababu mtu amepungua. Kwa hili, kilichobaki mkononi si kingi, na kila kimoja kina masharti yake. Panadoli haichokozi tumbo, lakini mtu mzima hatakiwi kuvuka gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ini bovu hushushiwa kiwango. Prednisoloni hupoza yabisi haraka, nayo ina tabia ya kurudisha uzito, kudhoofisha mifupa na kusogeza karibu vidonda vilevile tunavyovikimbia. Amitriptilini na pregabalini, zinazoandikwa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, huwafungulia wengine hamu ya kula. Vidonge vya kutoa dawa polepole huenda visifyonzwe kama ilivyokusudiwa kwenye utumbo ulioruka sehemu, na kuvisaga ili vimezeke ni hatari, maana dozi ya siku nzima humwagika kwa mkupuo.

Iko tramadoli na ndugu zake wa ukoo wa afyuni. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la JAMA la Marekani lilichapisha utafiti wa watu 11,719 waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Asilimia 8 kati yao walikuwa watumiaji wa kudumu wa dawa hizo kabla ya upasuaji, na asilimia 77 ya hao waliendelea nazo mwaka uliofuata. Kilo zilishuka, dawa zikabaki. Dawa hizo pia hufunga choo, na mtu ambaye tumbo lake linapokea maji kwa mafunda madogo madogo hana akiba ya kuchezea.

Kinachobaki, na ambacho wagonjwa wengi hufikishiwa wakiwa wamechelewa, ni kulitibu yabisi lenyewe badala ya kufukuzana na maumivu yake. Methotrekseti, inayotolewa mara moja kwa wiki pamoja na foliki asidi na vipimo vya damu, ndiyo huanza kwa wengi. Wifi hupewa ya sindano, ili isitegemee utumbo uliobadilishwa njia. Tangu dozi yake iliposhika, siku mbaya zimepungua, na hajapata tena sababu ya kuitamani diklofenaki kila wiki. Hilo lingeweza kufanyika hata kabla ya India.

Lakini gumu kuliko dawa ni kuyatambua maumivu yenyewe upya. Mtu aliyeishi na maumivu miaka 15 amefundishwa kunyamaza. Majirani humsifu kwa uvumilivu, mama mkwe humtolea mfano. Baada ya upasuaji uvumilivu huohuo unaweza kumuua. Utumbo ulioungwa upya huweza kupenya kwenye uwazi mdogo ndani ya tumbo na kujinyonga, hata miaka kadhaa baadaye. Maumivu yake huja na kuondoka, na mgonjwa mzoefu hujisemea ni gesi. Kupungua haraka hutengeneza mawe kwenye kifuko cha nyongo, nayo huuma chini ya mbavu za kulia, hasa baada ya chakula cha mafuta. Ukosefu wa vitamini D na kalisi huumiza mifupa, maumivu yanayofanana na yabisi kiasi cha kumdanganya hata mganga. Vitamini B12, ambayo huhitaji asidi na msaada wa kitu kinachotengenezwa tumboni ili ifyonzwe, ikiisha huleta ganzi na kuchomwachomwa miguuni. Na anayetumia metfomini kwa sukari huwa na sababu mbili za kupungukiwa nayo. Anayetapika mfululizo kwa wiki kadhaa huweza kumaliza vitamini B1, akaanza kuyumba, macho yakacheza na akili ikachanganyikiwa. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.

Mezani nako kuna kesi. Baipasi haipendi sukari ya ghafla: chai yenye vijiko vitatu na andazi, au soda, huingia kwenye utumbo kwa kishindo, mtu akatoka jasho, moyo ukamwenda mbio, akatafuta pa kujilaza. Kwa wafungaji wa Ramadhani, tende na juisi ya kufungulia vina mtego huohuo, na kunywa maji ya kutosha kati ya futari na daku kwa tumbo la mililita 30 ni hesabu ngumu. Miezi ya mwanzo madaktari huwashauri wasifunge. Protini hutangulia, ugali hufuata ukipata nafasi. Mara nyingi haupati.

Halafu kuna watu. Kwetu, mwanamke akipungua kilo 40 kwa mwaka hapongezwi kwanza, huulizwa anaumwa nini, na wasiouliza wameshajijibu, kwa kunong’onezana, jina la ugonjwa. Harusini Tanga, sahani ya pilau ya wifi ilirudi jikoni na vijiko vinne tu vimepungua, na shangazi mmoja akataka kujua kama chakula chao kina kasoro. “Shangazi, kitamu sana, tumbo ndilo limejaa,” akajibu, akamwomba amfungie kingine cha kwenda nacho. Hakumwambia kwamba mkono ulioshika kijiko nao ulikuwa unamuuma. Angeletewa diklofenaki palepale. Nusu ya mikoba iliyokuwapo mezani ilikuwa nayo.

Virutubisho atavinunua maisha yote, na damu ataipimisha kila mwaka. Daktari aliyempasua yuko mbali, kliniki ya viungo ina jalada lake, zahanati ya mtaani haina lolote, kwa hiyo amejiandikia kadi ya mkoba: aina ya upasuaji, mwaka, dawa asizodungwa hata akiwa hajitambui. Kliniki yake inayofuata ni Jumatatu. Amekwishaorodhesha maswali, la kwanza likiwa ganzi iliyomwanza vidole vya miguu mwezi uliopita: ni ya yabisi, au ni B12?