Maji Ndani ya Gari la Tawi

Wengi wenu mnalijua gari la tawi letu hapa Toro, Uganda: Corolla ya stesheni wagoni ya miaka ya 1990, iliyotoka Japani ikiwa imekwisha kutumika. Lilinunuliwa kwa michango ya wachuma chai na wenzao wa kiwandani, na limetupeleka katika mashamba yaliyo chini ya milima ya Rwenzori, ambako mvua haiombi ruhusa. Kwa misimu miwili gari hilo lilikuwa linaingia maji. Katika mkutano wa tawi mwanachama mmoja alisimama akauliza kwa nini hesabu zinaonyesha fundi amelipwa mara tatu kwa kazi ile ile, na bado gari linanuka uvundo. Swali hilo lilikuwa la haki, na hapa tunalijibu.

Kwanza tuseme hasara yenyewe. Katika mvua za Aprili tulikuwa tumebeba fomu za makato ya ada, nyingine zina sahihi, nyingine alama ya dole gumba, ndani ya mfuko wa karatasi nyuma ya kiti cha dereva. Gari lililala nje. Asubuhi mfuko ulikuwa kama uji. Wino ulitapakaa, na meneja akazikataa zaidi ya nusu ya fomu, akisema hawezi kumkata mtu mshahara kwa karatasi isiyosomeka. Tulipata taabu kubishana naye, maana kweli hazikusomeka. Tuliporudi shambani kuandikisha upya, vibarua kadhaa walikuwa wamekwisha kuachishwa kazi. Hao tuliwapoteza.

Kosa letu lilikuwa hili: tuliona sakafu ya mbele imelowa, tukaamua wenyewe kwamba kioo cha mbele kinavuja. Fundi wa kando ya barabara akapaka silikoni kuzunguka kioo. Mvua ikanyesha, maji yakaingia. Akapaka tena, na tena. Silikoni yenyewe ilikuwa ile ya kuzibia bafu, yenye harufu ya siki. Siki hiyo hula bati na kuleta kutu, kwa hiyo tulikuwa tunalipia kuharibiwa gari.

Aliyetuokoa ni ndugu mmoja wa karakana ya kiwanda cha chai, mtu wa kutengeneza mitambo ya kukaushia majani. Hakugusa kitu kwanza. Aliuliza: je, maji huonekana hata siku za jua? Maana maji ya kipoza hewa hutiririka kwenye miguu ya abiria bomba lake likiziba, na hayo si mvua. Maji ya rejeta nayo huweza kuvuja nyuma ya dashibodi. Hayo yanateleza kwa vidole na yana harufu tamutamu. Yetu yalikuwa maji matupu, na yalikuja na mvua tu.

Tukatoa viti na zulia. Hapo tulishangaa. Juu zulia lilikuwa limekauka, lakini chini yake kuna tabaka nene la manyoya lililoshika maji kama sifongo. Tulilikamua. Chini ya tabaka hilo hupita nyaya za umeme, na viungo vyake vilikwisha kuota ukungu wa kijani. Taa zetu zilizokuwa zikizima ovyo, tena tukalaumu betri, huenda zilianzia hapo.

Kisha akatufundisha kupima. Mtu mmoja anakaa ndani na tochi, milango imefungwa. Mwingine yuko nje na mpira wa maji, akimwaga polepole bila nguvu, kuanzia chini kwenda juu, sehemu moja kwa dakika kadhaa kabla ya kusogea. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Alipaka pia unga wa chaki kwenye bati la ndani, ili tone likipita liache mstari. Maji huingia hapa yakaonekana kule, kwa hiyo lazima uufuate mstari mpaka mwanzo wake.

Tulikuta vitundu vitatu, na kioo hakikuwamo. Cha kwanza kilikuwa chini ya waipa. Pale pana mfereji wa kupokea maji ya kioo na kuyatoa pembeni, na gari letu hulala chini ya mikaratusi ya shamba. Majani yalijaa, maji yakapanda na kuingia kwenye tundu la feni ya hewa, hadi miguuni pa abiria. Dawa yake ilikuwa mkono na ndoo ya maji. Silikoni zote tatu zilikuwa bure!

Cha pili ndicho kilichoua fomu. Yafaa kila mwenye gari ajue kwamba maji kuingia ndani ya mlango si kosa. Hupita kando ya kioo na kutokea kwenye vitundu vya chini. Nyuma ya gamba la ndani kuna karatasi ya plastiki inayoyazuia yasije sakafuni. Mlango wetu wa nyuma, upande wa dereva, uliwahi kufunguliwa kutengeneza mkono wa kioo, na plastiki ikachanwa, haikurudishwa. Tulikata nailoni nzito, tukaibandika kwa gundi laini ya utepe, tukazibua na vitundu vya chini kwa waya.

Cha tatu kilikuwa mpira wa taa ya nyuma, mgumu kama gome. Ulijaza maji kwenye shimo la tairi la akiba. Tukautoa, tukasafisha, tukaweka utepe ule ule. Wenye stesheni wagoni waangalie pia bomba jembamba la maji ya waipa ya nyuma linalopita darini. Likikatika hulowesha dari ukadhani ni mvua.

Zulia lilianikwa siku tatu. Kutu ya sakafu tuliikwangua hadi bati safi, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya kawaida. Limebaki jambo moja: kutu iliyozaliwa na silikoni kwenye kona ya kioo cha mbele. Hiyo yataka kioo kitolewe na kubandikwa upya kwa gundi yake maalumu, kazi ya fundi wa vioo. Mweka hazina ana bei za mafundi wawili na atazisoma katika mkutano ujao. Fomu sasa husafiri ndani ya dumu lenye kifuniko, juu ya kiti.