Pikapu na Hewa ya Singida: Faida na Hatari za Kuongeza Nguvu za Injini

Katika mkoa wa Singida pikapu ni chombo cha kazi kuliko kuwa chombo cha fahari. Hubeba alizeti kutoka mashambani hadi viwandani, vitunguu na matenga ya kuku hadi sokoni, saruji hadi vijijini, na pengine mgonjwa hadi hospitalini. Mwenye chombo cha namna hiyo akiona kinajikokota mlimani hutamani kukiongezea nguvu. Siku hizi huweza kuambiwa kwamba jambo hilo ni rahisi: fundi atabadili programu ya kompyuta inayoongoza injini, au atafunga kijisanduku cha elektroniki kando yake, na gari litapata nguvu mpya bila kubadilishwa hata pistoni moja.

Madai hayo yana ukweli ndani yake. Lakini sayansi hutufundisha kuuliza maswali mawili zaidi. Nguvu hiyo mpya inatoka wapi? Na kama ilikuwamo ndani ya injini tangu mwanzo, kwa nini mtengenezaji hakuitumia?

Nguvu hutoka katika hewa na mafuta

Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia moto. Hewa huingia katika silinda, pistoni huibana mpaka inapata joto kali, ndipo nozeli hupuliza dizeli, nayo huwaka yenyewe. Kilo moja ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Kwa kuwa muda wa kuchanganyika ni mfupi mno, watengenezaji huacha hewa iwe nyingi zaidi, kiasi cha kilo 18 hadi 20 au hata kupita hapo. Mafuta yakizidi kiasi kinachofaa, sehemu yake haiungui sawasawa bali hugeuka masizi. Masizi hayo ndiyo moshi mweusi tunaouona nyuma ya magari. Moshi huo, basi, ni dalili ya mafuta yaliyonunuliwa na kutupwa, wala si dalili ya nguvu.

Kutokana na kanuni hiyo ni dhahiri kwamba hakuna kifaa kinachoweza kuumba nguvu. Kinachoweza kufanya ni kuongeza mafuta, kuongeza hewa, au kubadili wakati wa kupuliza mafuta. Katika injini za zamani fundi hufanya hivyo kwa kukaza au kulegeza skrubu ya pampu ya dizeli. Katika injini mpya kazi hiyo ni ya kompyuta, ambayo hupokea habari kutoka kwa sensa mbalimbali. Programu mpya huiamuru kompyuta ipulize mafuta mengi zaidi. Kijisanduku hufanya hila nyingine: huiambia kompyuta kwamba kanieneo ya mafuta ni ndogo kuliko ilivyo, nayo kompyuta, ikidhani kuna upungufu, huiongeza. Yaani injini huongozwa kwa habari za uongo.

Singida na hewa iliyo nyepesi

Mji wa Singida uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho kanieneo ya hewa ni kama asilimia 83 ya ile ya Dar es Salaam. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha jambo hili shuleni kwake kwa kuchemsha maji na kuyapima kwa kipimajoto: katika mji wa Singida maji huchemka yafikapo nyuzi 95 hivi za Selsiasi, wala si 100.

Tuchukue injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, kama zile zilizofungwa katika Land Cruiser nyingi za pikapu. Injini hiyo huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, na tukichukulia kwamba silinda hujaa kabisa, itavuta lita 6,300 za hewa kila dakika. Dar es Salaam, penye joto la nyuzi 30, hewa hiyo ina uzito wa kilo 7.3 hivi. Singida, penye nyuzi 25, lita zile zile zina uzito wa kilo 6.2 tu. Upungufu huo ni wa asilimia 15. Fundi akiongeza dizeli bila kuongeza hewa, mwenye gari atapata nguvu kidogo, moshi mwingi na joto jingi. Pampu iliyorekebishwa vizuri pwani huweza kutoa moshi ikifika nyanda za juu, ijapokuwa haijaguswa na mtu.

Tabo na kazi yake

Dawa ya hewa nyepesi imejulikana tangu zamani. Mhandisi Alfred Büchi wa Uswisi alipata hataza ya tabo mwaka 1905. Tabo ni gurudumu linalozungushwa na moshi unaotoka katika injini, nalo huzungusha pangaboi la pili linalosukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Mwaka 1918, huko Marekani, mhandisi Sanford Moss alipandisha injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, wenye kimo cha mita 4,300 hivi. Injini hiyo, iliyokuwa na nguvu za farasi 350 katika usawa wa bahari, ilishuka kileleni hadi 230. Ilipofungiwa tabo ilitoa 356 mahali pale pale.

Kwa hiyo mwenye pikapu yenye tabo huweza kusema kwamba kimo cha Singida hakimhusu. Kinamhusu sana. Tuseme injini inahitaji hewa yenye kanieneo ya kilopaskali 200. Dar es Salaam, penye kilopaskali 101, tabo hubana hewa mara 2. Singida, penye kilopaskali 84 au 85, hulazimika kuibana karibu mara 2.4 ili kupata matokeo yale yale, na kwa sababu hiyo huzunguka kwa kasi zaidi. Sasa programu mpya ikidai kilopaskali 240, tabo ya Dar es Salaam itabana mara 2.4, lakini ya Singida itabana zaidi ya mara 2.8. Mzigo huo huweza kuwa juu ya uwezo wake.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali letu la pili. Nguvu ambayo mtengenezaji hakuitumia si mali iliyosahauliwa. Ni akiba. Iliwekwa kwa ajili ya hewa nyepesi, siku za joto, milima mirefu, chujio lililojaa vumbi na dizeli isiyo safi. Programu iliyopimwa usawa wa bahari huuza akiba ambayo gari la Singida limekwisha kuianza kuitumia.

Faida zake

Si haki kutaja hatari tu. Programu iliyoandikwa na mtaalamu, kwa injini yenye tabo na iliyo nzima, huongeza kani ya kuzungusha magurudumu katika mwendo mdogo wa injini. Dereva hubadili gia mara chache, huondoka kwa urahisi akiwa na mzigo, na hulipita lori kwa muda mfupi zaidi barabarani. Pengine dizeli kidogo huokolewa, kwa kuwa gari hutembea kwa gia kubwa na injini huzunguka polepole. Lakini akiba hiyo hupatikana kwa dereva mtulivu tu. Anayetumia nguvu yote mpya lazima alipe mafuta yake.

Hatari zake

Hatari ya kwanza ni joto. Pistoni nyingi ni za aloi ya alumini, na alumini yenyewe huyeyuka katika nyuzi 660. Moshi wa injini ya dizeli inayofanya kazi kwa nguvu zote huweza kufika nyuzi 700 na zaidi. Pistoni huokolewa na mafuta ya injini na maji ya kupoza yanayoondoa joto bila kukoma. Dizeli ikiongezwa, joto huongezeka. Mlima ukiwa mrefu, muda wa kupoa haupo. Tena kule juu maji ya rejeta hukaribia kuchemka mapema zaidi. Ndipo gaskiti huungua, silinda hedi hupasuka na pistoni hutoboka.

Hatari ya pili ni kwa viungo vingine. Klachi, gia na ekseli vilipimwa kwa kani fulani. Kani ikizidi, kiungo kilicho dhaifu ndicho hutangulia kuvunjika. Nozeli na pampu za kisasa hulainishwa na dizeli yenyewe, na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hailainishi vema. Tanzania ilianza kutia vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili kuuzuia uchakachuaji huo. Kuongeza kanieneo katika pampu inayotumia mafuta mabovu ni kuharakisha kifo chake.

Hatari ya tatu ni breki. Kijisanduku huongeza nguvu ya kwenda, hakiongezi nguvu ya kusimama. Gari likitoka mwendo wa kilometa 80 kwa saa hadi 100, nishati yake ya mwendo huongezeka kwa asilimia 56. Na pikapu ya tani 3 ikiteremka mita 200, breki zikifanya kazi peke yake, nishati inayogeuka kuwa joto hutosha kuchemsha lita 18 za maji.

Hatari ya nne ni kwa afya. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliutaja moshi wa dizeli kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Hata hivyo, baadhi ya mafundi huondoa vifaa vya kusafishia moshi ili kupata nguvu zaidi. Mwaka 2020 wakala wa mazingira wa Marekani ulikadiria kwamba zaidi ya pikapu 550,000 nchini humo zilikuwa zimefanyiwa hivyo katika muda wa miaka 10 hivi. Moshi huo huvutwa kwanza na walio barabarani: mwendesha baiskeli, mchuuzi, na mtoto aendaye shule.

Tukokotoe mlima

Je, nguvu zaidi zinahitajika kweli? Dereva anayetoka Singida kwenda Igunga huupita mlima Sekenke, na anayerudi na mzigo lazima aupande. Tuchukue mfano wa mlima unaoinuka mita 6 kwa kila mita 100, pikapu yenye uzito wa tani 3 pamoja na mzigo, na mwendo wa kilometa 40 kwa saa. Kuuinua uzito huo huhitaji kilowati 20 hivi, na kuushinda msuguano wa matairi huhitaji kilowati 5. Jumla ni 25, na upinzani wa hewa katika mwendo huo ni mdogo. Injini nyingi za pikapu za dizeli hutoa kati ya kilowati 60 na 150. Hata ile iliyo dhaifu, ikiwa imepungukiwa asilimia 15 kwa sababu ya kimo, inao uwezo wa kutosha katika gia ifaayo.

Kwa hiyo gari linaposhindwa mlima, mara nyingi limepoteza nguvu lililokuwa nazo au limebebeshwa kupita kiasi. Kabla ya kununua nguvu mpya, yafaa kuzitafuta zile zilizopotea: chujio la hewa lililozibwa na vumbi, nozeli zilizochakaa, mpira wa tabo unaovuja, breki zinazokaba, matairi yasiyo na upepo wa kutosha. Hayo yote yakiwa sawa, na mwenye gari bado akitaka kuendelea, na amwulize fundi: programu hii ilipimwa katika kimo gani? Joto la moshi litapimwa kwa chombo gani? Ile ya zamani imehifadhiwa ili iweze kurudishwa? Fundi anayejua kazi yake atajibu kwa tarakimu.

Walimu wa fizikia wanaweza kuifanya hesabu hii pamoja na wanafunzi wao, kwa kutumia pikapu ya shule na mlima wowote ulio karibu. Uzito, kimo na muda wa kupanda vyatosha. Atakayepima mambo hayo matatu atajua kiasi cha nguvu anachohitaji kabla hajaambiwa na muuzaji.