Hereni ya Ng'ombe na Nyama ya Kloni

Mikorosho ya kubebesha inayopandwa Chiola na kwingineko Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi ni kloni kwa maana kamili ya kisayansi, kwa kuwa kikonyo kinachokatwa kwenye mti mama na kufungwa kwa utepe wa nailoni juu ya mche ulioota kwa mbegu hukua na kuwa na vinasaba, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, vilevile vya mti kilikotoka. Muhogo nao hupandwa kwa pingili msimu hata msimu, wala mizizi yake haidaiwi lebo sokoni. Kwa mnyama kazi ni ngumu zaidi: kiini cha yai huondolewa, mahali pake pakawekwa kiini cha seli ya mnyama anayenakiliwa, kisha kiinitete kinachopatikana hupandikizwa katika mfuko wa uzazi wa jike mwingine. Kondoo Dolly, aliyezaliwa Scotland tarehe 5 Julai 1996, ndiye pekee aliyezaliwa hai kutokana na mayai 277 yaliyoundwa hivyo.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Mwaka 2016 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo jijini Nairobi, ikishirikiana na Taasisi ya Roslin iliyomzalisha Dolly, ilitangaza kuzaliwa kwa Tumaini, ndama dume wa Borana aliyetokana na kloni. Watafiti hao walilenga nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na walikusudia hatimaye kuwapa ng'ombe jeni ya nyani inayokinga dhidi ya vimelea vyake. Jambo hilo linauhusu moja kwa moja Mkoa wa Lindi, ambao kwa miaka mingi ulikuwa na ng'ombe wachache kwa sababu ya mbung'o, mpaka wafugaji walioondolewa katika bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007 walipoelekezwa huko na mifugo yao. Hata hivyo, Tumaini mwenyewe hakuongezewa jeni yoyote, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua ni sheria ipi ingemhusu.

Itifaki ya Cartagena kuhusu usalama wa viumbe, ambayo Tanzania ilijiunga nayo mwaka 2003, inakihusu kiumbe chenye mchanganyiko mpya wa nasaba uliopatikana kwa bioteknolojia ya kisasa, na ndiyo iliyotangulia Kanuni za Usalama wa Bioteknolojia za mwaka 2009 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Kenya ilikwenda mbali zaidi kwa kanuni za lebo za mwaka 2012, zinazotaka chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya viambato vilivyobadilishwa vinasaba kionyeshe hivyo. Ng'ombe aliyepewa jeni ya nyani angenaswa na mkabala huo, ilhali kloni wa kawaida, ambaye nasaba zake si mpya bali zimerudiwa tu, anaupita pembeni, na hilo ni pengo linalostahili kuzibwa kabla ya biashara kufika.

Mataifa yaliyotangulia hayakuafikiana. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua Januari 2008 kwamba nyama na maziwa ya kloni wa ng'ombe, nguruwe na mbuzi, pamoja na ya watoto wao, ni salama sawa na vyakula vya kawaida, na kwa hiyo haikudai lebo. Ulaya, ambako tathmini ya mwaka huohuo ilionyesha kuwa sehemu kubwa ya kloni hupata matatizo ya afya, hukichukulia chakula cha kloni kuwa chakula kipya kinachohitaji kibali kabla ya kuuzwa. Septemba 2015 Bunge la Ulaya lilitaka marufuku iliyopendekezwa dhidi ya kloni iwafikie hata watoto wao. Ugumu wa watoto ulikuwa umekwisha kujitokeza Uingereza mwaka 2010, ilipobainika kwamba nyama ya ng'ombe waliozaliwa na kloni wa Marekani imekwisha kuliwa, kwani vilivyoingia nchini vilikuwa viinitete vilivyogandishwa, na hakuna kipimo cha nyama kiwezacho kumtofautisha mtoto wa kloni na ng'ombe mwingine yeyote.

Kwa sababu hiyo lebo haina budi kutegemea kumbukumbu, na hapa ndipo udhaifu ulipo. Korosho za Nachingwea hupangwa madaraja na kupokewa kwa stakabadhi ya ghala, lakini kipande cha nyama kikishakatwa buchani hubaki, pengine, na muhuri wa mkaguzi, ambao unahusu uzima wa nyama na si ukoo wa ng'ombe. Shirika la Viwango Tanzania, lililokabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula mwaka 2019, lingeweza kuagiza lebo, ila agizo hilo lingekosa cha kushika. Nyenzo ya kulitekeleza tayari imo katika Sheria Na. 12 ya mwaka 2010 ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo, inayohalalisha hereni za ng'ombe: namba ya hereni ikiunganishwa na cheti cha mbegu za dume au kiinitete kilichotoka nje, na mwagizaji akilazimika kutamka kama mzazi ni kloni, taarifa hiyo itasafiri na mnyama kutoka kwa mhimilishaji hadi machinjioni.