Kuwafundisha Wanafunzi wa Psikolojia Kutafuta Makala ya Elimu

Elimu ya nafsi, ndiyo psikolojia, inafundishwa leo katika universite na katika seminari nyingi. Walimu huwaagiza wanafunzi waandike kazi juu ya swali fulani, huwaambia: «Nendeni mkatafute makala.» Lakini ni wachache wanaowaonyesha namna ya kutafuta. Basi mwanafunzi anafungua kompyuta, anaandika neno moja, anachukua makala tatu za kwanza, na kazi imekwisha. Tutaeleza hapa kwa nini desturi hiyo haifai, na namna gani mwalimu aweza kuwazoeza wanafunzi wake kutafuta vema.

I. Hasara ya kutafuta nusu

Tuchukue swali moja linalotuhusu sana katika Kongo. Watu wameponyoka vita ao ajali kubwa. Padri ao katekista anataka kuwasaidia. Je, yafaa kuwaita mara moja na kuwasimulisha yote waliyoyaona, ili hofu na huzuni zisiwashike baadaye?

Mwanafunzi anayetafuta upesi atakuta maandiko ya Mmarekani Jeffrey Mitchell. Mwaka 1983 huyu alieleza mpango wa mkutano kwa watu wa zimamoto na wa msaada wa haraka: baada ya siku chache tu za msiba, kila mmoja asimulie aliyoyaona, aliyoyawaza na aliyoyasikia moyoni. Mpango huo uliitwa «debriefing», ukaenea katika nchi nyingi. Mwanafunzi akiishia hapo, atajibu: «Ndiyo, yafaa.» Kisha atakwenda kwa watu na jibu lake.

Lakini mwenye kuendelea ataona mengine. Mwaka 1997 mganga Jonathan Bisson na wenzake walitangaza jaribio juu ya watu walioungua kwa moto. Baada ya miezi 13, kati ya waliosimulishwa, 26 kwa 100 walikuwa na ugonjwa wa nafsi unaoletwa na mastuko. Kati ya wale ambao hawakusimulishwa, 9 kwa 100 tu. Mwaka 2002 wataalamu wa shirika la Cochrane walikusanya majaribio mbalimbali na kuyapima pamoja. Hawakuona ushuhuda wowote kwamba kumsimulisha mtu mara moja namna hiyo kunamkinga na ugonjwa. Wakasema desturi ya kuwalazimisha watu iachwe. Na kitabu cha msaada wa kwanza wa nafsi, kilichotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) pamoja na wenzake, kinafundisha kumsikiliza mwenye msiba bila kumshurutisha aseme.

Basi tuone: mwenye kutafuta nusu anaweza kumwumiza yule aliyetaka kumponya. Ndiyo maana kutafuta ni sehemu ya kazi yenyewe ya psikolojia.

II. Swali litangulie

Mwanafunzi asiguse kompyuta kabla ya kuandika swali lake katika kaye. «Vita na nafsi» si swali. Ni pori lisilo na njia. Tumwulize mambo manne: Ni watu gani? Wanafanyiwa nini? Tunawalinganisha na nani? Tunataka kujua matokeo gani? Kwa mfano wetu atajibu: watu wazima waliopatwa na hatari, wanasimulishwa mara moja, tunawalinganisha na wale wasiosimulishwa, tunataka kujua kama wanapata ugonjwa wa mastuko. Swali likiandikwa hivi, maneno ya kutafuta yamekwisha kuonekana nusu.

III. Maneno mengi kwa jambo moja

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapotea. Jambo moja lina majina mengi, na majina hubadilika kwa nyakati. Ugonjwa wa mastuko uliingizwa kwa jina lake la sasa katika kitabu cha magonjwa cha Wamarekani mwaka 1980. Mwenye kutafuta jina hilo tu ataona machache sana ya zamani. Mwaka 1915 Charles Myers aliandika juu ya askari wa vita kwa jina «shell shock». Tena lugha ni mbalimbali: anayetafuta kwa Kifaransa tu, «stress post-traumatique», atakosa makala nyingi zilizoandikwa kwa Kiingereza.

Kinyume chake, neno moja lina maana nyingi. «Debriefing» ni pia jina la maelezo wanayopewa watu baada ya kushiriki katika jaribio la psikolojia. Mwenye kuandika neno hilo peke yake atapata rundo la makala yasiyomhusu.

Kwa hiyo mwanafunzi achore safu katika kaye yake, safu moja kwa kila sehemu ya swali, na chini yake aandike majina yote anayoyajua. Halafu atazame kamusi ya maneno ya kutafutia, iitwayo tesorusi. Shirika la psikolojia la Marekani (APA) lilitoa ya kwanza mwaka 1974. Tesorusi inaonyesha neno gani limechaguliwa kwa kila jambo, neno gani ni pana kuliko hilo, na neno gani ni jembamba.

IV. Kuunganisha maneno

Mwingereza George Boole, aliyekufa mwaka 1864, alionyesha kwamba fikara zaweza kuunganishwa kwa alama kama hesabu. Mashine za kutafutia zinafuata njia yake kwa maneno matatu ya Kiingereza.

OR inapanua: inaunganisha majina ya jambo moja, yaani maneno ya safu moja. AND inapunguza: inaunganisha safu na safu. NOT inaondoa, tuitumie kwa hofu, maana huondoa na mema pia. Alama mbili za kunukuu zinashika maneno pamoja kama jina moja. Nyota mwisho wa shina la neno, kama traumat*, mahali pengi inaleta maneno yote yanayoanza hivyo.

Matokeo yakiwa elfu nyingi, tuongeze safu kwa AND. Yakiwa matatu tu, tuongeze majina kwa OR.

V. Fasi za kutafuta

Shirika la APA lilichapa muhtasari wa makala katika «Psychological Abstracts» toka 1927 mpaka 2006; leo kazi hiyo inafanywa na PsycInfo, lakini inalipwa. Pengine mtu atasema: «Sisi hatuna feza hiyo.» Twajibu: milango mingine iko. PubMed, iliyofunguliwa mwaka 1996, ni ya bure kwa kutafuta. Persée ina majarida mengi ya Kifaransa bila malipo. African Journals OnLine inakusanya majarida ya Afrika. Mashule mengi ya nchi maskini yaweza kuandikishwa katika Research4Life na kusoma bure ao kwa malipo kidogo. Mwalimu aulize mlinzi wa biblioteka, na amwalike darasani; yeye anajua milango kuliko sisi.

VI. Kufuata nyayo

Makala moja nzuri inaongoza kwa nyingine. Nyuma: tutazame orodha ya vitabu mwisho wake. Mbele: tuulize nani ameitaja baadaye. Eugene Garfield alifungua njia hii ya pili kwa kitabu chake cha mwaka 1964 kilichoonyesha makala zinazotajana. Leo Google Scholar inaionyesha chini ya kila makala. Mwenye kuanzia Mitchell wa 1983 na kwenda mbele hatakosa kukuta mabishano yaliyofuata.

Kisha inatupasa kusoma makala yenyewe, si muhtasari tu. Mitchell aliandika juu ya vikundi vya wafanyakazi wa msaada. Bisson alijaribu kwa wagonjwa, mmoja mmoja ao pamoja na mwenzi wake. Tena, waliosimulishwa katika jaribio la 1997 walikuwa wameumia zaidi tangu mwanzo, na waandishi wenyewe wanalisema jambo hilo. Kwa hiyo jaribio moja halimalizi neno, na kazi ya 2002 iliyopima mengi pamoja ina uzito kuliko hilo moja.

Siku hizi kuna pia mashine zinazotunga maandishi, kama ChatGPT iliyotoka mwaka 2022. Zaweza kusaidia kupata majina ya jambo. Lakini mara nyingine hutaja makala zisizokuwapo duniani, pamoja na waandishi na mwaka. Sheria iwe hii: mwanafunzi asitaje makala ambayo hajaifungua kwa macho yake.

VII. Mwalimu afanye nini?

Kwanza, asihubiri tu juu ya mashine. Alete swali moja la kweli, wanafunzi watafute wawili wawili kwa neno moja tu, waandike idadi waliyopata na mangapi yanafaa. Halafu watafute tena kwa safu, walinganishe. Watajifunza zaidi kwa kulinganisha huko kuliko kwa maelezo ya saa nzima.

Pili, adai kaye ya kutafuta: tarehe, fasi, maneno yaliyotumiwa, idadi ya matokeo, makala zilizochaguliwa na sababu yake. Mwingine akifuata kaye hiyo, aone njia ileile.

Tatu, atoe pointi kwa njia, si kwa orodha tu. Orodha ndefu yaweza kunakiliwa kwa mwenzake. Njia iliyoandikwa kila siku ni vigumu kuiiba.

Nne, amwulize kila mwanafunzi: «Umetafuta wapi wale wasiokubaliana na jibu lako?» Asiye na jibu kwa swali hilo arudi kwenye kompyuta. Watu wanaongoja msaada wetu katika vijiji hawawezi kuchunguza kama shauri tunalowapa ni la kweli. Ni sisi tuchunguze kwa ajili yao, kabla ya kwenda.