Sura ya Sita: Majira Yaliyo Chini ya Maji

Ziwa Guntersville ni kazi ya mikono ya watu. TVA, shirika la umma lililoundwa na serikali ya Marekani mwaka 1933 kusimamia bonde la Mto Tennessee, lilianza kujenga ukuta wa bwawa mwaka 1935, na mwanzoni mwa 1939 milango ikafungwa. Mto ukapanda juu ya mashamba ya kaskazini-mashariki mwa Alabama, ukameza barabara, mitaro na vijito, likabaki ziwa lenye urefu wa kilomita 120 hivi na eneo la hekta 27,500, kubwa kuliko yote katika jimbo hilo. Ukilitazama ukiwa barabarani utaona maji matupu. Mvuvi wa besi, samaki tutakayemfuata katika sura hii, haoni hivyo. Kwake mto ungali palepale ulipokuwa, na kingo zake mbili, ila umefunikwa.

Matishari ya mizigo hupita humo mwaka mzima, na ili yasikwame TVA haina budi kutunza kina. Kwa hiyo maji ya Guntersville hupanda na kushuka kwa sentimita 60 tu hivi kati ya kiangazi na baridi, ilhali mabwawa mengine ya bonde hilohilo hushuka mita kadhaa na kuacha kingo za tope. Maji yaliyotulia hivyo, tena ya kina kifupi sehemu kubwa, yakawa shamba zuri la magugu. Ilitangulia milifoili, na miaka ya 1980 ikafuata haidrila. Wenye nyumba za ufukweni huyalaani kwa kuwa yanaziba magati yao. Wavuvi wa besi huomba yasifyekwe.

Basi kabla ya kufungua sanduku la chambo, mvuvi wa hapa hujiuliza mambo matatu: maji yana joto gani, majani yamefikia wapi, na je, mkondo unatembea? Tarehe haimsaidii sana. Februari ya mwaka huu inaweza kuwa na maji ya nyuzi 7 za Selsiasi, na ya mwaka ujao nyuzi 13, na hizo ni dunia mbili tofauti kwa samaki ambaye mwili wake hauna joto la kwake. Besi mwenye mdomo mpana hubeba joto la maji aliyomo. Maji yakipoa, tumbo lake husaga polepole, naye haoni sababu ya kufukuza kitu umbali wa mita tatu. Yakipata moto, njaa humrudia na mbio pia. Chambo bandia ni jibu la maswali mawili: kipite kina gani, na kwa kasi gani?

Rangi huja nyuma kabisa, ingawa duka la chambo limepambwa kwa rangi kama duka la kanga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walipima macho ya besi wakakuta yana aina mbili tu za seli za kutambua rangi, moja ya nyekundu na moja ya kijani. Nyekundu na kijani huzitambua vizuri, lakini ile njano-kijani inayong'aa huichanganya na nyeupe, na buluu huichanganya na nyeusi. Wavuvi waliobishana miaka na miaka juu ya mnyoo bandia mweusi na mnyoo bandia wa buluu wamekuwa wakibishana wao kwa wao, samaki hayumo.

Wasomaji wa Kenya wanamjua samaki huyu. Aliletwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa ajili ya michezo ya walowezi, akakaa. Huko hakuna baridi ya kumlaza, na anayemvua hutazama zaidi kina cha ziwa kuliko kipimajoto. Yanayofuata hapa ni ya Alabama, na yasihamishwe kama yalivyo.

Mwaka wa besi huanza baridi inapolegea. Maji yakigusa nyuzi 9 au 10, majike waliojaa mayai huacha mfereji wa mto wa zamani na kuanza kusogea kuelekea ghuba na vijito watakakotaga. Hawaendi kwa mkupuo. Husimama njiani, na kituo chao hapa ni majani: mabaki ya haidrila na milifoili yaliyobaki mafupi chini, kwenye kina cha mita moja hadi mbili na nusu. Hapo ndipo chambo cha Guntersville hasa kinapopata kazi, kile kisamaki bapa cha plastiki kisicho na ulimi mbele, chenye gololi tumboni zinazogongana na kupiga kelele kinapovutwa. Rangi ya kienyeji ni nyekundu, ya kamba wa maji baridi ambao wakati huo wanaanza kutoka mashimoni.

Ukikivuta moja kwa moja juu ya majani, utapata samaki wachache. Ukikiacha kizame, utatoa fungu la majani mabichi kila ukirusha. Kazi iko katikati. Punguza kasi mpaka uhisi ndoana zinakwaruza ncha za majani, endelea, na zikishikwa usivute kwa upole. Kata fimbo pembeni kwa nguvu, mara moja, ili kisamaki kichomoke na kuruka mbele huku gololi zikilia, kisha mshipi ulegee nusu sekunde kikiyumba kuelekea chini. Besi wengi hukipiga katika nusu sekunde hiyo. Anayeogopa kunaswa na majani afadhali abaki gatini.

Kituo kingine ni daraja. Barabara zinazovuka vijito zimejengewa tuta la mawe, na kila samaki anayeingia kwenye kijito lazima apite uwazi mmoja. Tena mawe hushika joto la jua kabla ya tope. Februari 2014 mashindano ya Bassmaster Classic yalifanyika Guntersville, na mvuvi Randy Howell aliianza siku ya tatu, ya mwisho, akiwa nafasi ya 11. Alikwenda kwenye daraja la Spring Creek akavuta kisamaki chenye ulimi mfupi kando ya mawe. Samaki watano aliowapeleka mizani walikuwa na kilo 13.2, akamshinda Paul Mueller kwa ratili moja. Mueller mwenyewe siku iliyotangulia alikuwa ameleta watano wa kilo 14.6, uzito wa samaki watano wa siku moja ambao mashindano hayo hayakuwahi kuuona. Ndivyo majike wanavyokuwa wazito wiki zile.

Kati ya nyuzi 16 na 24 hutaga. Dume hufagia kiota kwa mkia kwenye changarawe au mchanga mgumu, kina cha kifua au pungufu, jike akamwaga mayai akaenda zake, dume akabaki kuyalinda. Atapiga chochote kitakachokaribia, si kwa njaa bali kwa hasira, na yeyote mwenye miwani ya kukata mwanga anaweza kumwona na kumchokoza mpaka amnase. Sheria ya Alabama inaruhusu. Mimi sioni uvuvi hapo, na dume akiondolewa dakika chache tu, samaki wadogo wa jirani huvamia mayai. Tupite.

Baada ya viota huja wiki chache za Mei ambazo humlipa mwamkaji wa alfajiri. Shedi, samaki wadogo wa fedha wanaolisha ziwa zima, ndugu wa mbali wa dagaa wa Kigoma, huja kutaga usiku kwenye mawe, magati na kingo za majani. Jua likishachomoza vizuri wametawanyika. Katika saa hiyo moja ya alfajiri chambo chenye bati mbili zinazozunguka, kikivutwa sambamba na mawe, karibu kabisa, hakihitaji ufundi.

Halafu kiangazi. Wageni huja Juni na Julai, wakakuta maji ya nyuzi 29 au 30, wakarusha mchana kutwa ufukweni na kulalamika kuwa ziwa limekwisha. Besi wakubwa wameshahamia mtoni, ule wa zamani, kwenye kingo zilizozama. Juu ya ukingo kina ni mita nne au tano, na hatua chache mbele sakafu inaporomoka hadi mita nane, kumi. Kwenye kioo cha sona, kifaa cha kupima kina kwa mwangwi, ukingo huo ni mstari unaovunjika ghafla. Lakini ukingo una urefu wa kilomita nyingi, na samaki hawakai kote. Tafuta kasoro: mahali ulipopinda, palipo na kome, kisiki, au mdomo wa mtaro ulioingia mtoni. Huko wanaweza kuwa thelathini mahali pamoja, na mita hamsini pembeni pasiwe na hata mmoja.

Hata ukiwapata, hawali mpaka maji yatembee, na maji ya Guntersville hutembea kwa amri. TVA ikifungulia mitambo ya kufua umeme, hapa na kwenye bwawa la Nickajack kule juu, ziwa hurudia kuwa mto. Mkondo husukuma shedi juu ya ukingo, nao besi hujipanga upande wa chini, vichwa vikitazama maji yanakotoka, wakisubiri kuletewa. Mitambo ikizimwa, kundi hulegea na kuelea katikati ya maji, wamejaa kwenye sona lakini midomo imefungwa. Na mitambo hufanya kazi zaidi umeme unapohitajiwa. Alasiri ya Julai, watu wa bonde zima wanapowasha viyoyozi, kuna besi wanaoanza kula kwa sababu hiyo. Ratiba ya maji hutangazwa na TVA saa kwa saa, na mvuvi makini huisoma kabla ya utabiri wa mvua.

Chambo cha mkondo ni kile chenye ulimi mrefu wa plastiki unaokivuta chini mita tano au sita. Kirushwe juu ya mkondo, kirudi pamoja na maji kama shedi angerudi, na lazima kigonge sakafu. Kisipogonga, unaosha plastiki. Wakali wa kundi wakishanaswa, waliobaki hubadilika, nao hutaka kitu cha taratibu. Hapo huja mnyoo wa plastiki wa sentimita 25, ndoana ikiwa imefichwa mwilini na chubwi ya gramu 20 mbele yake, ukokotwe chini mpaka uporomoke ukingoni. Pigo la besi hapo si kishindo. Ni mguso mmoja mfupi kwenye mshipi, au mshipi unaoanza kwenda kando peke yake.

Septemba haidrila inakuwa imefika juu na kulala, zulia la kijani lenye eneo la mashamba. Chini yake pana kivuli na nafasi, maana mashina ni membamba, na samaki wa kuliwa ni wengi. Si kila zulia linafaa. Lifaalo lina matundu madogo yaliyotobolewa na midomo ya samaki waliokuwa wakipiga kutoka chini, na ukizima injini utasikia samaki wadogo wakidonoa majani, sauti kama ya mate mdomoni. Hapo hutupwa chura wa mpira, tupu ndani, ndoana zake mbili zikiwa zimelala mgongoni zisishike kitu. Mshipi uwe wa kusuka, wa kubeba kilo 30, na fimbo nzito, kwa sababu besi wa kilo 3 akinaswa hutoka na kilo kumi za majani. Majani yakilipuka, mkono hutaka kuvuta palepale. Mwache azame na chura. Ukishauhisi uzito wake ndipo uvute, tena kwa mwili mzima.

Wasiopenda majani hufuata shedi wanaoingia vijitoni maji yanapopoa. Oktoba 2011 Paul Elias alishinda mashindano ya siku nne hapa kwa samaki 20 wenye zaidi ya kilo 46, akitumia kitu ambacho wengi hawakuwa wamekiona: waya tano zilizotawanyika kutoka kichwa kimoja, kila moja na kisamaki chake laini, kikundi kizima cha shedi kwa mrusho mmoja. Alikuwa amekibuni Andy Poss, mtu wa Alabama hiyohiyo. Ndani ya wiki chache kilikuwa kinagombaniwa madukani, na waandaaji wa Bassmaster wakakipiga marufuku katika mashindano yao makubwa. Wavuvi bado wanabishana kama ni chambo au ni mtego. Kwa samaki nadhani jibu liko wazi.

Desemba na Januari, maji yakiwa nyuzi 5 hadi 8, watu wengi hufunga boti. Shedi hawavumilii baridi hiyo; hudhoofika, hupinda, hutetemeka, hufa, na besi huokota wanaozama karibu naye. Chambo chake ni kisamaki chembamba kilichosawazishwa uzito kisielee wala kisizame. Kiteremshe kwa kuvuta kidogo, kipige kwa ncha ya fimbo mara mbili, kisha kiache kimesimama hapohapo majini sekunde kumi, au ishirini ikiwa hakuna jibu. Usivute mpaka muda uishe, hata vidole vikikufa ganzi, na uangalie mahali mshipi unapoingia majini, maana besi wa maji hayo hukinywa chambo bila mkono kuhisi chochote.